Alhamisi za Börje

Siku ambayo Vidar alimtolea Börje maneno makali kwa mara ya kwanza ndiyo ikawa siku ya mwisho kuonana naye, na jambo la namna hiyo likishatokea halina fundi.

Walikuwa garini, gari limesimama, kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao kilichofungwa zamani nje ya mji wa Lycksele. Theluji ya Februari ilikuwa imeshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Ile Volvo ya bluu ya Börje, kuukuu lakini safi, yenye kibao cha kijani nyuma cha kuwaonya watu kwamba aliyeshika usukani bado anajifunza, ilikuwa imezimika tena kwa kuwa Vidar aliachia klachi kwa hasira.

"Kanyaga klachi, anza upya," Börje akasema. Ndiyo maneno aliyosema kila Alhamisi, kwa sauti ileile, kwa karibu miaka miwili ya mafunzo. Hakuwa mtu wa maneno. Alifanya kazi ya kutengeneza lifti maisha yake yote hadi alipostaafu, na Vidar alikuwa akimtania kwamba alizoea kukaa kwenye shimo peke yake ndiyo maana mdomo wake ulishika kutu.

Siku hiyo Vidar hakuwa na utani. Asubuhi shuleni, mbele ya watu, Jimmie, mwenzake wa zamani wa utundu, alikuwa amemuuliza kama yule babu yake wa kukodi bado anamtembeza. Watu wakacheka. Jimmie akaongeza kwamba manispaa inawalipa watu kama Börje, kila mwezi, vilevile inavyomlipa anayezoa theluji barabarani. Si kwamba Vidar hakujua. Ulrika wa ofisi ya ustawi wa jamii alimweleza tangu alipokuwa na miaka kumi na minne kwamba kuna posho kidogo. Lakini kulijua jambo moyoni ni kitu kimoja, na kuambiwa hadharani watu wakicheka ni kitu kingine.

"Unalipwa kukaa na mimi," akasema, macho kwenye usukani. "Siyo? Bila hela ya manispaa usingeniangalia hata mara moja."

Börje aliendelea kutazama mbele. Kisha akafanya kile ambacho watu wa kaskazini huku hufanya badala ya kusema ndiyo: akavuta pumzi fupi kwa midomo, kama mtu anayeonja supu ya moto. Basi. Hakukana, hakueleza, hakumwambia kijana aache upuuzi.

Vidar alitaka akane. Alikuwa ametoa maneno yale ili yakanwe. Akafungua mlango, akaubamiza, akashika njia kwa miguu. Volvo ilimfuata taratibu hadi barabarani, na kioo kikashuka.

"Alhamisi ijayo?" Börje akauliza.

Vidar hakujibu. Akavuta kofia ya koti, akaendelea kutembea, na gari likampita.

Walianza mbali, hao wawili. Vidar alikuwa na miaka kumi na minne, ameshakamatwa kwa pikipiki za watu na kwa moto uliounguza kibanda cha basi, na mama yake, Malin, alikuwa na majira ya kulala. Watu wengine wana majira ya kiangazi na ya baridi. Malin alikuwa na miezi ya kuamka na miezi ya kulala, na katika ile ya kulala mapazia hayakufunguliwa na friji ilibaki na haradali tu. Baba hakuwapo tangu zamani. Ofisi ikamtafutia Vidar mtu mzima wa kuwa naye mara moja kwa wiki, akaletwa Börje, mjane, mwenye masikio makubwa na mfuko wa plastiki wenye maandazi ya mdalasini. Alhamisi ya kwanza hawakuzungumza kabisa. Ya pili Vidar alimuuliza kama ni bubu. Börje akafikiri kidogo, akasema hapana.

Kuanzia hapo wakaelewana. Walikata kuni, walitoboa barafu ziwani wakavua samaki wadogo wasio na maana, walipaka rangi uzio wa Börje ambao haukuhitaji rangi. Vidar alipotimiza miaka kumi na sita, umri ambao wenzake walianza kufundishwa kuendesha na wazazi wao, yeye alinyamaza, maana nani angemfundisha? Börje ndiye aliyesema. Akamwandikisha kwenye kozi ambayo mwanafunzi na mtu wake wa kumfundisha huhudhuria pamoja. Chumba kilijaa akina baba na akina mama. Mkufunzi alipita akiuliza kila mzazi na mtoto wake, akafika kwao, akamwuliza Börje, "Na huyu ni wako?"

Börje akavuta pumzi fupi kwa midomo. Mkufunzi akaendelea mbele. Vidar alitazama meza muda mrefu, asithubutu kuinua uso, asije akaonekana.

Na kulikuwa na siku ya kabati. Vidar alihitaji koti la heshima kwa ajili ya sherehe ya shule, Börje akafungua kabati lake la nguo, na kwenye koti jeusi ilikuwa imening'inia tai ya shingoni, nyeupe. Vidar akauliza kama aliivaa siku ya harusi.

"Hiyo nilimzikia mke wangu," Börje akasema. "Ukimzika mtu wako unavaa nyeupe. Mtu wa wengine unavaa nyeusi." Akampa koti jingine, akafunga kabati. Kwa Börje hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Basi Alhamisi iliyofuata ile ya ugomvi, Vidar hakwenda. Alikaa nyumbani na simu mkononi akingoja ilie, apate raha ya kutoipokea. Haikulia. Hapo ndipo alipokosea kumsoma mzee, ingawa alikuwa mtoto wa hukuhuku. Watu wetu hawabembelezi. Wakiona mtu amefunga mlango, huondoka kwa adabu na kungoja mpaka aufungue mwenyewe, na hungoja hata miaka, na huiita hiyo heshima. Vidar aliiita dharau. Akajiambia, unaona, ameshakula posho yake ya mwezi, ana shida gani?

Lakini hasira ya mtu wa miaka kumi na saba haina mizizi mirefu. Kufikia Jumatano iliyofuata ilikuwa imemtoka, ikabaki aibu. Alhamisi akanunua maandazi ya mdalasini kwa hela yake mwenyewe, akayaweka kwenye mfuko wa plastiki, akapanda kilima hadi kwa Börje huku akijipangia la kusema. Alikuwa ameamua kusema "samahani, mzee" na kisha kuomba funguo za gari haraka, kabla mmoja wao hajaona haya.

Volvo ilikuwa nje. Kibao cha kijani hakikuwepo. Theluji ya kwenye njia ya kuingilia haikuwa imezolewa, na hilo ndilo lililomshtua kwanza, kwa sababu Börje alikuwa akizoa theluji kama wengine wanavyopiga mswaki. Milango ya nyumba ilikuwa wazi na mwanamke wa makamo aliyevaa kizibao cha pamba alikuwa anatoa maboksi. Alikuwa na masikio makubwa.

"Umekuja kwa ajili ya gari?" akauliza. "Una haraka. Tangazo nimeliweka saa hii."

Vidar alikuwa anayatazama yale masikio.

"Njoo ulione, halina siri. Lilikuwa la baba yangu. Alifariki Jumapili, moyo, alikuwa anazoa theluji." Alisema kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi kwenye simu. "Naitwa Pernilla. Naishi Malmö, kusini kabisa, siwezi kulipeleka huko."

Kilichompata Vidar hakikuwa kilio. Mwili, kwa kuwa haukujua la kufanya, ukafanya ulichoambiwa: ukamfuata mwanamke yule hadi garini kama mnunuzi. Akafunguliwa boneti, akatazama ndani. Akaonyeshwa matairi. Hakusikia hata moja.

"Nikuambie ukweli usije ukanilaumu," Pernilla akasema. "Gia zimekwanguliwa. Baba alikuwa anafundisha mtu kuendesha. Kila Alhamisi. Usiniulize nani, sisi hatukujua."

"Hamkujua?" Vidar akasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Alikuwa amekula kiapo cha kutosema. Ni kazi za manispaa hizo, kukaa na watoto wenye matatizo, na baba yangu ukimwambia nyamaza, amenyamaza. Ukimuuliza anasema ni mtu wa Alhamisi. Nimewapigia ofisini niwaambie wamjulishe huyo mtoto, wakaniambia hawawezi kuthibitisha kama kuna mtoto." Akacheka kwa pua. "Na yeye mwenyewe wala hajaja kubisha hodi. Miaka yote hiyo. Nafikiri alishamaliza kumtumia."

Akafungua mlango wa nyuma ili aonyeshe viti havijachanika. Kwenye kiti kulikuwa na chupa ya chai, ile ya kijani yenye kibonyeo, na vikombe viwili vya bati kimoja ndani ya kingine. Pernilla akaichukua, akaitikisa. Ilikuwa imejaa. Akafungua kifuniko, akanusa, akageuza uso.

"Kahawa imeoza," akasema. "Ya wiki nzima hii. Sijui alikuwa anamngoja nani."

Vidar alijua. Alijua hata mahali: uwanja wa kiwanda cha mbao, injini imezimwa kwa sababu Börje hakupenda kuchoma mafuta bure, mzee amekaa upande wa abiria kwa kuwa upande wa dereva haukuwa wake siku hiyo, akitazama mbele. Alikuwa amekwenda. Aliuliza Alhamisi ijayo, hakujibiwa, akaenda hata hivyo na kahawa ya watu wawili, na hakumpigia simu kwa sababu hakutaka kumsumbua.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu: ni mimi. Lakini Pernilla alikuwa bado anazungumza, ameishika ile chupa, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa namwita kila mwaka ahamie Malmö," akasema. "Karibu na mimi, mahali pasipo na theluji ya kumuua mtu. Alhamisi, ananiambia. Hawezi, ana Alhamisi. Hizo Alhamisi zimeniibia baba yangu, nikuambie tu."

Ni nani angesema ni mimi baada ya hapo? Vidar alimwambia atafikiria kuhusu gari. Akashuka kilima. Mfuko wa maandazi aligundua bado anao alipofika daraja la mto, na hakuweza kuyala wala kuyatupa, akayaweka juu ya ukingo wa daraja, akaenda zake.

Huku kwetu maiti haizikwi kesho. Wafu hungoja wiki mbili, tatu, hata nne, mpaka ukumbi upatikane na ndugu wapate likizo, na walio hai hungoja nao. Katika wiki hizo tatu Vidar alikaribia kurudi pale alipotolewa. Shule alikwenda siku mbili, akaacha. Akaonekana na Jimmie nyuma ya kituo cha mafuta. Ulrika alimpigia simu, akamwambia kwa sauti ya upole ya ofisini kwamba anasikitika sana, na kwamba wakati ukifika wanaweza kumtafutia mtu mwingine. Vidar akakata simu. Mtu mwingine. Kana kwamba Börje alikuwa balbu.

Malin alikuwa katika miezi ya kulala, lakini hata usingizini mama ana sikio. Jioni moja alitoka chumbani na blanketi mabegani, akamkuta mwanawe amekaa jikoni bila taa. Akamuuliza kuna nini. Vidar akamwambia. Malin akakaa kwenye kiti cha pili, akaanza kulia, polepole, machozi bila sauti.

"Nilikuwa najisikia vibaya nikimwona," akasema. "Alikuwa anafanya kazi yangu. Utakwenda kumzika?"

"Mimi ni nani wa kwenda? Binti yake ananichukia na hata hajanijua."

"Mimi nikifa utauliza wewe ni nani?"

"Wewe ni mama yangu."

Malin akajifuta kwa blanketi. "Yeye hakuwa mama yako, na friji hii aliijaza nani?" akasema, akarudi kulala. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyosema mwezi ule, na Vidar alibaki nalo gizani.

Alilala akigeuzageuza pumzi mbili. Moja ya kwenye gari, nyingine ya kwenye kozi. Mtu asiyejua kusema uongo alikuwa ameulizwa maswali mawili na yote ameyakubali: kwamba analipwa, na kwamba mtoto ni wake. Vidar alikuwa amelishika la kwanza tu, kwa kuwa ndilo lililomuuma. Sasa alitaka kumuuliza Börje ni lipi lililokuwa kweli zaidi, na mtu wa kuulizwa alikuwa kwenye jokofu la hospitali, akingoja Ijumaa.

Akaenda dukani kununua tai. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alipoambiwa ni ya maziko akauliza, kama wanavyouliza wote, nyeupe au nyeusi. Vidar akazishika zote mbili. "Ni mtu wako wa karibu, mwanangu?" yule mama akauliza.

"Hapana," Vidar akasema. "Nilikuwa namfahamu tu."

Akapewa nyeusi. Akalipa, akatoka, na huko nje akaona haya kana kwamba ameiba.

Ijumaa ilikuwa na jua kali juu ya theluji. Kanisani walifika watu wachache: majirani wa kilimani, mafundi wa lifti wastaafu watatu waliovaa makoti yaliyowabana, mama mmoja wa kwaya. Pernilla alisimama mlangoni akipokea mikono. Hakuwa na mume, waliachana. Hakuwa na kaka. Binti zake wawili walikuwa nje ya nchi na mmoja alikwama uwanja wa ndege kwa sababu ya mgomo. Vidar alingoja hadi wote walipoingia, akijipa moyo kwamba atapenya kama mpita njia. Lakini Pernilla alimwona.

"Wewe ni yule wa gari," akasema. Hakukasirika, alishangaa tu. "Gari bado lipo. Lakini leo siyo siku yake, unaona mwenyewe."

Vidar angeweza kusema samahani na kugeuka. Nyuma yake kulikuwa na ngazi na barabara, na Jimmie hakuwa mbali. Mbele yake, ndani kabisa, kulikuwa na jeneza la mbao nyeupe lenye maua machache, na kama angegeuka sasa mtu aliyemo humo angeondoka bila jibu lake.

"Gia nilizikwangua mimi," akasema. "Kila Alhamisi. Ni mimi uliyekuwa unamtafuta. Siku ile nilikuja na maandazi, nilikuwa sijui kama amekufa, ukaniambia, nikashindwa."

Pernilla akaegemea mlango. Uso wake ulikuwa mweupe na masikio mekundu.

"Na ile kahawa ilikuwa yangu," Vidar akasema. "Tuligombana. Nilimwambia maneno mabaya, nikaacha kwenda. Alinisubiri mimi."

Kengele ikalia juu yao, wakangoja inyamaze. Pernilla akatazama mle ndani, akatazama nje, kisha akasema bila kumwangalia, "Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilifanyiwa upasuaji wa titi. Nilimwomba baba aje awe na mimi. Tiketi ya ndege nilishamkatia. Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi ile akanipigia, akasema atakuja Ijumaa. Ukiamka kwenye dawa ya usingizi unamtafuta mtu, unajua? Nilimtafuta, hakuwepo. Sikumsamehe. Nilimwambia nimemsamehe, lakini sikumsamehe, na sasa amekufa."

Mwezi wa kumi na moja. Vidar aliukumbuka vizuri kuliko siku zake zote za kuzaliwa. Asubuhi ile alikuwa ameshindwa kumwamsha Malin. Kulikuwa na kopo la vidonge sakafuni, limelala ubavu. Alipiga simu ya dharura, na baada ya hapo akapiga kwa Börje, kwa sababu hakukuwa na namba nyingine kichwani. Börje alifika hospitalini akiwa na begi la safari, lile dogo la kahawia. Vidar hakuuliza la nini. Wakakaa kwenye korido kuanzia asubuhi hadi giza, na mara kwa mara mzee alitoka na simu yake, akarudi na macho mekundu, na Vidar akadhani ni baridi ya nje. Hakusema hata mara moja kwamba ana mahali pengine pa kuwa.

"Mama yangu alikunywa vidonge," akasema. "Siku hiyo. Nilimpigia mimi. Alikuwa na begi. Sikujua lilikuwa la kuja kwako. Ningejua ningemwambia aende."

"Asingekwenda."

"Ningemwambia."

"Nakwambia asingekwenda," Pernilla akasema, na sasa alikuwa analia, mdomo ukimtetemeka kwa hasira kama mtoto. "Alipona? Mama yako?"

"Yuko hai."

Pernilla akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa vigumu kujua kama alifurahi, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Kuna watu wangemkumbatia kijana hapo; kuna wengine wangemfukuza. Yeye alisimama tu akimtazama kuanzia viatu kwenda juu, viatu vya michezo vilivyofutwa na kitambaa, koti la heshima ambalo alilitambua kuwa la baba yake, hadi alipofika shingoni.

"Kwa nini umevaa nyeusi?" akauliza.

"Mimi si ndugu."

Pernilla akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa tai iliyokunjwa, nyeupe, imeshika manjano kidogo kwenye mkunjo. "Nilipeleka suti yake kwa watu wa mazishi, hii ikiwa ndani," akasema. "Wakanirudishia. Maiti haijililii yenyewe, wameniambia. Nimeibeba mfukoni muda wote huu kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mwanamume hata mmoja aliyebaki wa kuivaa." Akaikunjua. "Sijui kama nakupenda. Usinielewe vibaya. Ulimpata siku ambayo nilimhitaji mimi. Lakini alichagua mwenyewe, na siwezi kumzika nikiwa nambishia. Vua hiyo."

Vidar akavua. Kufunga fundo la tai hakujua. Ile nyeusi aliifunga kwa kutazama video. Pernilla akamfunga. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na alivuta fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatangulia, naye akafuata, wakapita wale mafundi wa lifti waliogeuka kutazama, wakapita majirani, hadi benchi la mbele lililokuwa tupu.

Ibada ilikuwa fupi. Mchungaji alisema mengi kuhusu lifti na uvuvi, na kuhusu Alhamisi hakusema lolote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Wakati wa kuaga ulipofika, Pernilla aliinuka kwanza, akaweka ua lake, akaegemeza mkono kwenye mbao, akanong'ona kitu kirefu. Alipomaliza hakurudi kukaa. Akageuka, akamngoja.

Zamu ya pili ilikuwa yake, kama mtoto wa marehemu. Vidar akasimama mbele ya jeneza, na yote aliyopanga kusema, samahani, mzee, na kwamba mtihani wa kuendesha ni mwezi wa tano, na kwamba hajaenda shule karibu wiki tatu lakini Jumatatu atakwenda, yote yakampotea. Macho ya watu yalikuwa mgongoni mwake. Alichosikia ni kioo cha gari kikishuka, na lile swali ambalo hakulijibu: Alhamisi ijayo?

Akavuta pumzi fupi kwa midomo. Pale mbele kulikuwa kimya sana, hata Pernilla aliisikia. Akamsogezea mkono, wakarudi pamoja kukaa, na wale wengine wakaanza kuja.